Hadithi za Nyumbani katika Somo la Kusoma

Wanachuo wanaporudi kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha, huwa nayapitia maandalio yao ya Kiswahili ili nione ni hadithi gani walizozichagua kwa ajili ya somo la kusoma. Aghalabu nakuta simba, jini, mwizi au mfalme. Mwanachuo akimkosa mnyama mkali, humtafuta mtoto mtukutu aliyevunjika mguu kwa sababu hakumsikia mama yake. Ni nadra mno kukuta hadithi ya watu wanaoishi tu: baba, mama, bibi na watoto katika mji mdogo, siku ikapambazuka na jua likachwa pasipo msiba wala muujiza. Hadithi za namna hiyo nataka kuzitetea hapa, na kabla ya kuzitetea sina budi kukiri kosa langu.

Nilikwenda kumkagua mwanachuo katika shule moja ya mkoa wetu wa Singida. Alifundisha Darasa la Nne, watoto wamebanana madawatini, na kitabu kimoja kikitumiwa na watoto wanne au watano. Kwa sababu hiyo alikuwa ametunga hadithi yake mwenyewe na kuiandika kwenye karatasi ya manila kwa herufi kubwa nzuri. Ilihusu familia moja katika mji ulio kando ya barabara kuu. Baba ni fundi cherehani, mama huuza mafuta ya alizeti kwa chupa barazani. Jioni moja mama anamtuma binti yake dukani akachukue unga kwa mkopo. Mwenye duka anamjibu, "Mwambie baba aje mwenyewe." Mtoto anarudi mikono mitupu na kusema kwamba duka limefungwa. Mama anatazama nje, na taa ya duka inaonekana waziwazi kutoka uani. Hasemi neno. Anachukua uji uliosalia asubuhi, anauongeza maji, anaubandika motoni. Hadithi inaishia hapo.

Nami nikaandika katika daftari langu la ukaguzi: "Hadithi haina tukio. Tafuta yenye mafunzo." Nikampa alama ndogo.

Laiti ningalisikiliza kabla ya kuandika! Watoto wale, ambao dakika chache kabla walikuwa wakisoma kwa kuimba, kila sentensi kwa sauti ile ile, walikuwa wamenyamaza. Kisha msichana mmoja akauliza bila kuruhusiwa, "Mama aliiona taa?" Mwenzake akamjibu, "Aliiona, ndiyo maana akanyamaza." Ukazuka ubishi: mama alikasirika au hakukasirika? Kama alikasirika, mbona alipasha uji? Wakarudi kwenye karatasi kutafuta ushahidi, mmoja akinyoosha kidole kwenye sentensi ya taa, mwingine kwenye sentensi ya uji. Mvulana aliyeketi nyuma kabisa, ambaye mwalimu wa darasa alikuwa ameniambia hasemi kamwe, akasema, "Hata mimi ningesema limefungwa." Akaulizwa kwa nini. "Ili baba asione aibu."

Hapo mwanachuo akanitupia jicho. Andalio lake lilimtaka ahitimishe, naye akauliza swali ambalo mimi ndiye niliyemfundisha aulize: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Darasa zima likaitikia kwa sauti moja, "Tusiseme uongo!" Jibu likaandikwa ubaoni, watoto wakalinakili, na yule mvulana akainamisha kichwa. Kwa muda wa robo saa alikuwa msomaji. Sasa alikuwa mwongo.

Ndugu mwanachuo, yamkini utaniambia kwamba hadithi pasipo funzo ni porojo. Mazoea hayo tumeyarithi kwa heshima. Bibi zetu walimaliza ngano kwa onyo, na Shaaban Robert, ambaye sote tumelelewa katika kivuli chake, aliwapa wahusika wake hata majina yatangazayo tabia zao. Katika riwaya yake iitwayo Utubora Mkulima, jina lenyewe linakwambia umtarajie mtu wa namna gani. Siyadharau hayo, wala sitaki sungura na fisi wafukuzwe darasani. Najua pia kwamba karatasi za mitihani hupenda kuuliza funzo la habari. Lakini fasihi yetu yenyewe haikubaki hapo. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, akaingia ndani ya nyumba moja ya kisiwani Ukerewe yenye baba mlevi, mama mvumilivu na mabinti, akaonyesha jinsi msichana anavyoharibikiwa huku kila mtu akidhani anamlea. Kitabu hicho kilizuiwa shuleni kwa muda. Nadhani kilichowatisha watu zaidi ya mambo ya mapenzi ni kuona ugonjwa umewekwa mezani, kwenye chakula cha familia.

Mfano ulio karibu zaidi na hadithi ya yule mwanachuo ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 tukaipata kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Baadaye ina safari ndefu za biashara hadi bara, lakini inaanzia katika mji mdogo wa reli, ambako baba yake Yusuf ana hoteli isiyostawi. Msomaji aliyekulia Manyoni au Itigi, kwenye Reli ya Kati, hahitaji kuelezwa habari za mji wa namna hiyo. Tajiri Aziz, ambaye mtoto humdhania kuwa ndugu wa wazazi wake, hufika kuwatembelea. Hupikiwa chakula kizuri kuliko cha siku zote, na aondokapo humwachia Yusuf sarafu. Mtoto hufurahi. Hakuna amwambiaye kwamba baba anadaiwa, hata siku anapopakiwa kwenye treni pamoja na tajiri huyo, naye ndiye rehani ya deni. Sisemi kitabu hicho kisomwe katika Darasa la Nne. Nasema mwalimu akisome ili aone jinsi deni moja, likifichwa nyuma ya sahani ya wali, linavyotosha kuibeba riwaya kubwa. Deni la unga nalo latosha kubeba kipindi cha dakika arobaini.

Kuna faida nyingine ambayo walimu wa mkoa huu hatuna haki ya kuipuuza. Watoto wetu wengi huota moto nyumbani kwa Kinyaturu au Kinyiramba, na Kiswahili hukikuta kikamilifu shuleni. Matokeo yake mtoto anaweza kutaja twiga na mamba, wanyama ambao huenda hajawaona, lakini akakwama kutaja mafiga, upawa, ungo na kata, ambavyo kavishika tangu asubuhi. Hadithi ya nyumbani humpa Kiswahili cha vitu vyake. Tena humpa uwezo wa kumhukumu mwandishi. Simba asemaye hawezi kukosolewa na mtoto. Lakini mwandishi akisema mlenda ulipikwa kwa namna fulani, darasa zima linajua kama amekosea, na mtoto ajuaye kwamba karatasi yaweza kukosea ameanza kusoma.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu madhara yake ni makubwa. Baada ya kusoma hadithi ya namna hii usimwulize mtoto ya kwao. Usiseme, "Nani kwao hukopa dukani?" wala, "Nani hulala na uji?" Mvulana yule alijitaja mwenyewe kwa hiari yake, nasi tulipaswa kuipokea imani hiyo kama mtu apokeavyo yai. Uliza juu ya watu wa kwenye karatasi: nani alijua nini, na alijuaje? Mama angesema nini kama angesema? Kisha ngoja. Mwanachuo huogopa kimya cha darasa, hasa mkaguzi akiwapo, na hukimbilia kukijaza kwa swali jepesi. Kihesabu kimoyomoyo hadi kumi. Na kipindi kikiisha bila jibu la kuandika ubaoni, acha ubao mtupu; nitakapokuja kukukagua sitakupunguzia alama kwa hilo.

Yule mwanachuo nilimwita, nikamwomba radhi, nikabadili alama. Alinishukuru kwa adabu, ingawa nadhani alikuwa keshaamua kurudi kwa simba. Muhula huu nimeliomba darasa langu kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa nyumba ya kawaida. Mmoja ameleta habari za bibi anayehesabu kuku wake wakati wa magharibi, mjukuu akimshikia tochi, na bibi akikosea hesabu mara mbili kwa sababu macho yamechoka, na mjukuu akijifanya hakuona. Nilisoma nikimngojea mwizi. Hakutokea, kuku wakapatikana wote, mlango ukafungwa. Nimeubandika ukurasa huo kwenye ubao wa matangazo, kando ya ratiba.