Kioo Kikiwa Cheusi, Usifute Kitu

Ndugu msomaji, wiki hii twaomba ruhusa ya kuviacha vyungu na mishono, tuitazame kompyuta ya nyumbani, maana siku hizi nayo ni kabati la nyaraka za familia.

Mama mmoja, ambaye mumewe ni askari aliye kazini mbali, alitujia na majonzi. Kompyuta yake hutumia Ubuntu, mfumo wa chanzo huria usiolipiwa. Humo alihifadhi hesabu za kikundi cha akiba cha akina mama wa kambini, pamoja na picha za watoto. Jirani alipakua kiendeshi cha kadi ya picha ya NVIDIA kutoka intaneti, akakiweka kwa mkono. Kwa majuma matatu mambo yalikwenda vyema. Kisha, mfumo ulipojisasisha, kioo kikawa cheusi. Fundi akamshauri afute kila kitu, aanze upya.

Tulimwambia: ngoja, mama. Kilichozimika ni picha, wala si diski.

Sababu ni hii. Kiendeshi ni programu inayoiunganisha kadi na kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kiendeshi kilichojengwa kwa kerneli moja hakikubaliwi na nyingine, mfano wa ufunguo na kitasa. Kerneli iliposasishwa, kitasa kilibadilika, na hakuna aliyechonga ufunguo mpya. Bahati njema, Ubuntu haiitupi kerneli iliyotangulia, huiweka akiba.

Basi fanyeni hivi. Washeni mashine, na mara tu nembo ya kiwandani ipitapo bonyezeni Esc mara moja. Katika mashine za zamani, shikilieni Shift. Orodha ikitokea, chagueni "Advanced options for Ubuntu", kisha kerneli yenye namba ndogo kuliko ile ya juu. Picha ikirudi, kazi ya kwanza ni kunakili hesabu na picha zenu kwenye flashi. Msitangulize jingine.

Pili, ondoeni kiendeshi kilichowekwa kwa mkono. Fungueni dirisha la amri, andikeni:

sudo nvidia-uninstall

Tatu, mkiwa na intaneti, wekeni kile kilichoandaliwa na Ubuntu yenyewe:

sudo ubuntu-drivers install

Hiki huandaliwa upya kila kerneli inapobadilika, pasipo ninyi kuhangaika. Zimeni mashine, mwiwashe tena.

Neno moja la tahadhari. Mashine yenye ulinzi wa Secure Boot huenda ikawataka mtunge neno la siri wakati wa kuweka kiendeshi. Liandikeni kwenye karatasi. Ikiwaka upya, itatokea skrini ya buluu: chagueni "Enroll MOK", mwandike neno lile lile. Wengi huipita skrini hiyo kwa haraka, na kiendeshi chao hurudishwa langoni kama mgeni asiye na kibali mbele ya mlinzi.

Mama yule alifuata hatua hizo jioni moja, mtoto wake wa sekondari akimsomea. Jumamosi hesabu za kikundi zilisomwa mkutanoni, senti kwa senti. Sasa huzinakili kila mwisho wa mwezi.

Mwenda pole hajikwai. Kabla ya kumruhusu yeyote afute, mwulizeni kwanza: je, umeijaribu kerneli ya zamani?

Tukutane wiki ijayo.