Kona za Kasulu Hazina Ukuta Mweupe

Karibu kila mwandishi wa toleo hili ameifunga kamera ya matukio, ile ambayo pikseli zake huripoti mabadiliko ya mwanga tu, kwenye kona ya barabara ya Kibondo–Kasulu mkoani Kigoma, akatuahidi kuwa itambaini mwendesha baiskeli aliyebeba mikungu ya ndizi kabla dereva wa basi hajamwona. Nimezisoma ahadi hizo kwa hamu, na kwa hasira kidogo, maana wachache mno wametaja kizingiti, yaani badiliko dogo kabisa la mwanga linaloiamsha pikseli.

Kamera ya Lichtsteiner, Posch na Delbruck ya mwaka 2008, ambayo kila mtu anaitaja, ilikuwa na pikseli 128 kwa 128, na pikseli ilikaa kimya mpaka mwanga wake ubadilike kwa takriban asilimia 15. Sensa za baadaye zimeshusha kiwango hicho, sawa. Ila mtu aliye nyuma ya kona hubadilisha mwanga unaoangukia ukuta au ardhi kwa kiasi kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 1. Bouman na wenzake mwaka 2017 waliyanasa mabadiliko hayo kwa kamera za kawaida, kwa kukusanya pamoja pikseli nyingi. Maabarani taa huzimwa, kinachofichwa humulikwa, ukuta hupakwa chokaa, na bila shaka pikseli zitaitika. Nendeni saa saba mchana kwenye kingo za udongo mwekundu zilizochongwa na greda. Na msinijibu kwa desibeli 120 za masafa ya mwanga ya kamera hiyo: kustahimili jua kali na giza nene si sawa na kusikia mnong'ono katikati ya soko.

Halafu kuna upepo. Nyasi zikiyumba, kamera hufurika matukio. Jambazi anayevizia hatikisiki, na kamera iliyofungwa mlingotini haimwoni. Wanaokumbuka enzi za mabasi ya Kigoma kusindikizwa na askari wenye silaha wangepaswa kuliona hili kabla ya kutuuzia ulinzi.

Pendekezo la kuzifunga kamera hizi pembezoni mwa kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu nimelichapisha, silipendi. Makala ya milio ya bodaboda ni fupi na nzuri. Ile ya vioo mbinuko, ambayo wakaguzi wetu waliiona ya kizamani, ndiyo ya kuanza nayo: inalinganisha bei, jambo ambalo wengine wamelikwepa.

Kwa toleo lijalo, makala isiyotaja kizingiti cha sensa, rangi ya ukuta na saa ya kipimo nitairudisha bila kuipeleka kwa wakaguzi.