Mbwa Huyu ni wa Nani?

Ukifika Maramba, wilayani Mkinga, alfajiri ya msimu wa mahindi, utamsikia mbwa kabla hujamwona mwenye shamba. Milima ya Usambara Mashariki iko karibu na msitu hauko mbali, na nguruwe mwitu na ngedere huijua siku ya kukomaa muhindi kuliko Bwana Shamba. Mlinzi ni mbwa. Hana zamu wala likizo, na ujira wake ni ukoko wa ugali.

Sasa uliza: mbwa huyu ni wa nani? Akiwa amemkurupusha nguruwe, watajitokeza wenyewe watatu. Akiwa amemng'ata mtoto wa jirani aendaye shule, hana mwenyewe; mara moja amekuwa mbwa wa mtaa. Nanyi mnaoishi Tanga mjini na Dar es Salaam msicheke, kwa maana yule alalaye langoni penu naye hubadilika vivyo hivyo.

Jambo hili si la mzaha, kwani nyuma yake kuna kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huo hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia kwa jeraha, hata mkwaruzo, kisha hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo yaweza kuchukua majuma au miezi. Kidonda kimekwisha kupona, watu wamesahau, ndipo mgonjwa huanza kuweweseka na kuogopa maji. Dalili zikianza, ni nadra mno mtu kupona. Duniani hukadiriwa kuwa watu 59,000 hufa hivyo kila mwaka, walio wengi katika Afrika na Asia, na watoto ni wengi miongoni mwao.

Hebu tutazame ng'ambo ya bahari yetu, Pemba. Kuanzia mwaka 2010 wataalamu waliufuatilia ugonjwa huo kisiwani humo, mbwa kwa mbwa. Kadiri chanjo ya kila mwaka ilivyozidi kuenea kisiwa kizima, ndivyo walivyopungua mbwa wagonjwa na watu walioumwa. Kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Halafu chanjo ikalegalega. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje, si mara moja bali mara mbili. Ikabidi kuanza upya, na Oktoba 2018 ukaondoka kwa mara nyingine. Bahari yote ile haikuwa kinga, seuze sisi wa Bara ambao kati ya kijiji na kijiji pana njia ya miguu tu!

Wataalamu husema yafaa mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa ili ugonjwa ukose njia. Lakini mbwa hufa mapema na huzaa sana, hivyo hesabu ya mwaka jana haitoshi mwaka huu. Watoto wa mbwa nao wamo.

Najua neno litakalosemwa pwani: mate ya mbwa ni najisi, nani atamshika? Dini hiyo hiyo haikukataza mbwa wa shamba, wa mifugo wala wa kuwinda, na habari ya aliyempa maji mbwa mwenye kiu tumeisikia sote tangu chuoni. Kutomwingiza ndani ni sawa. Kutomzoeza kamba tangu mdogo ndiko kunakoleta taabu, kwa sababu siku ya chanjo mbwa asiyeijua kamba huwaburuta watu wazima wawili, nao humwacha aende.

Naye aliyeumwa? Jeraha lioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, japo kidonda ni kidogo. Majani na mafuta ya kubandika hayaui virusi. Hupoteza saa tu. Sindano si moja, na zote zikamilishwe.

Mbwa akichanjwa, mwenyewe hupewa cheti, na juu yake huandikwa jina la mwenye mbwa. Hapo ndipo wengine husitasita, wakijua kwamba kesho akiuma jina lao limo. Lakini mahindi mliyoyavuna, nani aliyalinda?

Chanjo mara nyingi hutolewa karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Muulize Bwana Mifugo wa kata yako mapema, na usiku wa kuamkia siku hiyo mfunge mbwa nyumbani. Akishatangulia shambani hutampata mpaka jioni.