Tumjue Baniani Zaidi ya Kiatu Chake

Watu wa Makorora, Tanga, wanaovuka kwenda Unguja kwa siku mbili tatu hupitia palepale: Forodhani, Ngome Kongwe, Darajani, na Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Hekalu la Shakti pale Hurumzi hulipita bila kugeuza shingo, na naona hasara ni yetu sisi watu wa pwani. Historia ya Unguja na mrima haielezeki bila Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Wabhatia kutoka Kutch, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi ushuru wa forodha wa Sultani Seyyid Said kwa miaka mingi. Wafanyabiashara wa Kihindu wa enzi hizo wengi waliacha wake zao kwao; dini yao walikuja nayo. Nasi tuliowauzia na kuwakopa tukabaki na methali, “Baniani mbaya, kiatu chake dawa.” Faida yake twaijua, anayemwomba hatumjui. Hurumzi anaombwa Shakti, nguvu ya Mungu inayoitwa Mama. Sura yake mojawapo ni Durga, aliyemuua Mahishasura, pepo mwenye umbo la nyati, na ushindi huo hukumbukwa kwa usiku tisa wa Navaratri, kwa kawaida Septemba au Oktoba, Wagujarati wakicheza garba kwa kuzunguka taa.

Wapo watakaosema Mwislamu hana shughuli mbele ya sanamu. Hoja hiyo ni nzito, na Makorora ina haki ya kuitoa. Lakini kutazama si kuabudu. Asiyeridhika kuingia na abaki mlangoni aulize, na akipewa prasadi, chakula kilichotolewa kwa mungu wao, akatae kwa adabu. Pingamizi linalonigusa zaidi ni la Wahindu wenyewe: baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi waliondoka Unguja, na waliobaki hawastahili kugeuzwa maonyesho. Hapo mgeni ndiye wa kujibana. Avue viatu, asipige picha bila ruhusa, asiingilie arati, sala ya taa, pasipo kukaribishwa. Walimu wa Tanga wanaopeleka wanafunzi Mji Mkongwe wawasiliane mapema na viongozi wa hekalu, na wakiambiwa siku waliyoitaka haifai, wakubali.