Maji ya Kisima: Elimu Iliyopatikana Kwale

Hakuna mtu aliyekaa kijijini asiyeijua pampu ya mkono, na ni wachache wanaoijua ambao hawajapata kuiona imekufa. Mpini umening'inia, nyasi zimeota kando ya saruji, na mbuzi wamelala pale ambapo zamani akina mama walipanga ndoo zao. Wenyeji wakiulizwa husema kwamba iliharibika tangu mavuno ya mwaka jana, na kwamba wale walioileta hawajaonekana tena. Basi akina mama wamerudi mtoni.

Jambo hili si la kijiji kimoja. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji ya vijijini ulitoa hesabu kwamba, katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, kiasi cha pampu moja katika kila tatu ilikuwa haifanyi kazi. Msomaji na afikiri maana ya hesabu hiyo. Kisima kimetobolewa kwa gharama kubwa, mwamba umepasuliwa, maji yamejaa tele huko chini. Lakini kwa kukosa kipande cha mpira kisichozidi upana wa kiganja, watoto wanakunywa maji ya dimbwi pamoja na ng'ombe.

Sababu ziko nyingi, ila iko moja ambayo haitajwi sana mbele ya watu, nayo ni kwamba vyama vinavyoleta maji havikuwa na desturi ya kuambiana vimeshindwa wapi. Umoja wa Mataifa uliifanya miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa Muongo wa Maji ya Kunywa na Usafi, na wasaidizi wengi wakaja kwa nia njema. Lakini kila mmoja alikuja na pampu ya kwao. Katika Kenya ya Magharibi, mradi wa Kenya na Finland ulioanza mwaka 1981 ulileta pampu za Nira kutoka Finland. Mahali pengine palikuwa na pampu za Kiholanzi, na pengine za Kihindi. Fundi aliyejifunza moja hakuweza kuigusa nyingine, na mwenye duka hakuthubutu kuweka vipuri vya aina tano ambavyo huenda visinunuliwe hata mwaka mzima. Mradi ulipokwisha, mafundi na gari na majalada yao waliondoka pamoja.

Ndipo Benki ya Dunia na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa zilipoamua kuzipima pampu zote kwa kipimo kimoja. Pampu kiasi cha 2,700, za aina 70 hivi, ziliangaliwa katika nchi 17: zinadumu muda gani, kitu gani huvunjika kwanza, na nani awezaye kukitengeneza. Mahali pamoja palipochaguliwa ni Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, ambako kazi ilianza mwaka 1983.

Kazi ya Kwale yafaa kuelezwa kwa urefu. Wahandisi waliipima mashine, na chama cha Kenya kiitwacho KWAHO kiliwatuma watu wake vijijini kukaa na wenyeji, na hasa akina mama, maana mwenye kuteka maji ndiye ajuaye uchungu wa pampu iliyovunjika. Mwanzoni palikuwa na shaka. Wengine walidhani kwamba kazi ya spana si ya wanawake, na hata baadhi ya wanawake wenyewe walidhani hivyo. Baadaye kamati za pampu ziliundwa, akina mama wakachaguliwa kuwa watunza fedha, akaunti zikafunguliwa benki, na wanawake waliofunzwa wakawa wanaifungua pampu na kuifunga kwa mikono yao.

Lakini hapakuwa na mafunzo ambayo yangeweza kumsaidia mama huyo kama pampu yenyewe ilikuwa imeundwa kwa ajili ya fundi mwenye lori. Pampu nyingi za wakati ule zilikuwa na mabomba mazito ya chuma. Washa ya chini ikichakaa, ilibidi mabomba yote yavutwe juu, kipande kwa kipande, kwa mnyororo na miguu mitatu ya chuma. Kijiji hakina vitu hivyo. Kilingoja mpaka gari la wilaya lije, na gari la wilaya lilikuwa na vijiji vingine.

Dawa ilitoka sehemu nyingi. Huko Malawi, mwaka 1981, palikuwa pamekwisha kuundwa kichwa cha pampu kilicho rahisi, kikaitwa Maldev. Wataalamu wa Kenya na wenzao hawakuona haya kukichukua cha jirani. Walikiunga na bomba la plastiki na silinda ambayo pistoni yake huweza kuvutwa juu kwa kupitia ndani ya bomba, bila kulitoa bomba lenyewe kisimani. Beringi za mpini zikafanywa za plastiki, za kutiwa na kutolewa kwa mkono. Karibu kazi yote ikawa ya spana moja. Pampu hiyo ndiyo iitwayo Afridev, nayo huvuta maji kutoka kina cha mita 45 hivi. Tena mchoro wake haukufungiwa sandukuni: kiwanda chochote kiliruhusiwa kuitengeneza bila kulipa ada kwa mwenye haki. Kwa hiyo imetengenezwa Kenya, India, Pakistan na kwingineko.

Mwaka 1992 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana mjini Kakamega, wakaanzisha mtandao wa kupashana habari za pampu za mkono, ili aliyeshindwa Ghana amwonye aliye Uganda kabla hajanunua. Mtandao huo baadaye ukapanua kazi yake na kubadilishwa jina kuwa Mtandao wa Maji ya Vijijini. Nao ndio uliotoa ile hesabu ya mwaka 2009.

Hapo msomaji atauliza: Ikiwa elimu ilipatikana tangu miaka ile, mbona pampu zilizidi kufa?

Jibu ni kwamba elimu ilichukuliwa nusu. Wengi waliitwaa pampu ya Kwale wakaiacha kazi ya Kwale. Chombo huonekana, hupigwa picha pamoja na mgeni rasmi na utepe. Lakini miezi ya kukaa chini ya mwembe na kamati, kufundisha hesabu za fedha, na kurudi tena baada ya mwaka kutazama kama akaunti bado ina kitu, haipigwi picha. Basi pampu zilikabidhiwa vijijini pamoja na neno zuri kwamba wenyeji wataitunza mali yao wenyewe, na neno hilo likawa kisingizio cha kuwaacha.

Yako mambo mengine ambayo yalijulikana kisha yakasahauliwa, na lililo baya kuliko yote ni kutu. Kila mara wanawake hukikimbia kisima kwa kuwa maji ya asubuhi ni mekundu, nguo nyeupe zinatiwa madoa, na chai inageuka kuwa nyeusi. Husemwa kwamba ardhi ya pale ni mbaya. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa ni la bomba. Maji yenye asidi, ambayo kipimo chake cha pH kiko chini ya 6.5, hula mabomba ya chuma hata yakiwa yamepakwa zinki. Jambo hilo lilichunguzwa Afrika ya Magharibi katika miaka ya 1980, na Benki ya Dunia ikalichapisha kitabuni mwaka 1994. Hata hivyo mabomba yale yale yaliendelea kununuliwa na kushushwa katika visima vya namna ile ile. Uganda ilisimamisha matumizi yake mwaka 2016. Mwaka 2022 ule mtandao wa maji ya vijijini ulilazimika kutoa taarifa nyingine ya kuonya juu ya kutu hiyo hiyo, karibu miaka 30 baada ya kitabu cha kwanza. Ni fedha ngapi zilizozikwa ardhini katikati ya vitabu hivyo viwili!

Wala si kwamba watu hawa ni wajinga. Taarifa inayotumwa kwa mtoaji wa fedha hueleza visima vilivyochimbwa, wala haielezi vilivyokauka. Na afisa anayeandika kwamba mabomba yake yameoza huogopa kwamba mwaka ujao fedha zitapewa jirani yake aliyenyamaza.

Jaribio moja la Kyuso, katika Kaunti ya Kitui, limeonyesha njia nyingine. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia katika mipini ya pampu 66 chombo kidogo kinachopima mwendo wa mpini na kupeleka habari kwa njia ya simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua. Ni kama karani asiyelala wala asiyeandika uongo daftarini. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa siku 27 kwa wastani kabla ya kutengenezwa. Katika jaribio hilo ikawa chini ya siku 3. Kutokana na kazi hiyo pakaanzishwa huduma ya mafundi, FundiFix, katika Kitui na Kwale, ambapo vijiji vingi huchanga ada na kundi moja la mafundi huwahudumia wote. Kijiji kimoja kikibeba peke yake gharama ya pampu iliyovunjika huelemewa. Vijiji vingi vikichanga, mzigo hupungua.

Watu wa Kitui na Kwale wamewafunza watafiti nao. Ilionekana kwamba mvua zinaponyesha watu huiacha pampu na kukinga maji ya paa, au kuchota penye karibu. Mtu asiyeteka huona uzito kulipa. Kwa hiyo kamati inayotarajia mchango ulio sawa mwezi kwa mwezi, masika na kiangazi, itapata upungufu, na mweka hazina atashutumiwa bure.

Tangu mwaka 2013 huduma za maji zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, na vyama vya kusaidia bado vinakuja. Wenyeji wanaoletewa kisima wana haki ya kuuliza mapema, kabla ya shangwe na ngoma: Maji haya yamepimwa pH? Bomba litakuwa la plastiki, la chuma cha pua, au la chuma kilichopakwa zinki? Vipuri vinauzwa duka gani, na ni mwendo gani kutoka hapa? Pampu kama hii imewekwa wapi karibu, na je, kamati inaweza kwenda kuzungumza na wanaoitumia, bila mwenye mradi kuwapo?

Kisha wamtafute kijana mmoja anayejua kusoma na kuandika, wampe daftari. Aandike kina cha kisima, aina ya bomba, siku pampu iliyoharibika, kitu kilichovunjika, bei ya kipuri, na siku maji yaliporudi. Nakala ipelekwe ofisi ya maji ya kaunti, na nakala nyingine ibaki kijijini, katika nyumba isiyovuja.