Umechora Probox ya Garissa Kwa Gemu? Kazi Ni Yako, Nembo Si Yako

Wasee wa gemu, hii stori mnaijua. Bus Simulator Indonesia, gemu ya kampuni ya Maleo, ilitoka 2017 na Wakenya wakaidandia mbio. Si eti tulikuwa na hamu ya kuona Jakarta. Ni vile hiyo gemu inakubali gari za nje: msee anachora gari yake kwa kompyuta, anaiingiza ndani, anaipaka rangi anayotaka. Gari kama hiyo inaitwa modi. Ndio maana leo ukiingia YouTube unapata nganya za Nairobi zikikata kona kwa barabara za Java.

Sasa leta hiyo stori Bura, Garissa. Sema uko hapo na kompyuta ya kuazima, unachora zile gari unaona kila siku: Probox, Land Cruiser ya kwenda Masalani, basi la kwenda Nairobi. Ukiuza modi moja soo mbili kwa M-Pesa, wasee hamsini wakinunua, hiyo ni thao kumi. Kwa kijana hana kazi, hiyo si doo ya kuchezea. Swali ni moja tu: hiyo gari ni yako ama ni ya Toyota?

Ukweli ni kwamba kila mtu ana kipande chake, na hapo ndio noma huanza.

Kipande cha kwanza ni chako. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ukichora kitu kutoka sufuri, kazi hiyo ni yako pale pale. Hungoji karatasi ya mtu. Kusajili na KECOBO, bodi ya hakimiliki, kunakusaidia tu kuwa na ushahidi siku mambo yakichemka.

Kipande cha pili ni cha mwenye jina. Jina Toyota na ile nembo ya mbele ni alama za biashara. Hapa Kenya alama husajiliwa na KIPI kwa miaka 10, na mwenyewe anaweza kuongeza 10 zingine, na zingine, bila mwisho.

Kipande cha tatu ni umbo la gari lenyewe. Muundo ukisajiliwa Kenya unalindwa miaka 5, unaongezwa mara mbili, basi. Ukifika 15 umeisha. Probox ya kwanza ilitoka 2002, kwa hivyo hata kama umbo lake lingesajiliwa hapa mwaka huo, ulinzi ungekuwa ulikufa 2017. Ndio maana nembo ni moto kuliko bodi.

Huko nje hii vita imefika kortini. Opel ya Ujerumani ilishtaki kampuni ya Autec kwa kutengeneza gari ndogo ya kuchezea ikiwa na nembo yake. Korti ya Ulaya ikatoa mwongozo 2007, na 2010 korti kuu ya Ujerumani ikaamua Opel imepoteza. Hoja ilikuwa kwamba mnunuzi anaona nembo kama sehemu ya picha ya gari, hafikirii Opel ndio imetengeneza toi. Marekani, watengenezaji wa Humvee walishtaki Activision kwa kuweka hizo gari kwa Call of Duty. Machi 2020 jaji akasema gemu ya vita inahitaji kufanana na vita halisi, kwa hivyo hakuna kosa.

Lakini usianze kusherehekea. Hizo ni sheria za watu wengine, na walioshinda walikuwa kampuni zenye mawakili. Pia 2023 Korti ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya pombe ya Jack Daniel's na toi ya mbwa, ilibana huo mlango: ukitumia alama ya mtu kama chapa yako ya kuuza, kisingizio cha sanaa hakikubebi. Kuchora Probox ni kitu kimoja. Kufungua duka la modi lenye nembo ya Toyota juu ya mlango ni kingine.

Na kampuni huangalia gari yao inafanya nini. 2019 Toyota haikuwa ndani ya Need for Speed Heat, na tawi lake la Uingereza likadokeza hadharani kwamba halipendi gemu zinazotangaza mbio haramu za barabarani.

Hata hivyo, ni ngumu kuona wakili wa Toyota akivuka daraja la Tana kukutafuta juu ya soo mbili. Kinachomaliza vijana ni mtandao. Novemba 2022 Rockstar, wenye GTA, walionya seva za mashabiki kuhusu chapa za ukweli na kufanya biashara ndani yake. YouTube nayo, ukipata onyo tatu za hakimiliki ndani ya siku 90, chaneli inaenda. Miaka ya kazi imezimwa bila jaji.

Sasa tuambiane ile sehemu hatupendi kusikia. Wasee wengi hawachori. Wananyofoa gari kutoka Forza, wanabandika stika ya Garissa, wanauza. Huo ni wizi wa kazi ya mchoraji mwingine. Na zile rangi za nganya? Kuna kijana alizichora kwa mkono na bunduki ya rangi. Michoro yake ina hakimiliki kama yako. Mwenye basi naye ana jina lake, na yeye hayuko Japani. Yuko stage. Mfuate umwulize, pengine atafurahi basi lake kutangazwa bure, pengine hata akulipe.

Kwa hivyo chora kutoka sufuri na uhifadhi faili za kila hatua, zenye tarehe. Modi ya kuuza itolee jina lako mwenyewe, bila nembo ya mtu. Na msee akifuta jina lako aweke lake, marekebisho ya sheria ya 2019 yanakuruhusu kuandikia kampuni ya mtandao itoe hiyo kitu, nayo ina saa 48 za kazi. Ila usidanganye: ombi la uongo ni kosa la jinai.

Sheria inayokukataza nembo ya Toyota ndiyo hiyo hiyo utakimbilia siku modi yako itaibiwa. Huwezi kuidharau asubuhi halafu uiite jioni.