Risala ya Makarani na Makuli wa Ghala la Vifurushi Kuhusu Lebo Zinazofutika

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Ndugu Meneja wa Ghala,
Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi,

Kwa heshima na taadhima, sisi makarani na makuli wa ghala hili la Dar es Salaam tunaleta mbele yenu kero tulizozivumilia muda mrefu kuhusu lebo za joto.

Hatuombi printa za lebo hizi ziondolewe. Hazitaki wino wala utepe: karatasi imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi pale inapopashwa joto na kichwa cha printa, chenye nukta 8 kwa kila milimita. Ni za haraka, hazina kelele, na kwa kifurushi kinachofika kesho yake hakuna lebo nafuu kuliko hiyo.

1. Shida ni mizigo inayolala ghalani kwa miezi. Kemikali ile haikomi kufanya kazi baada ya lebo kuchapwa. Ndani ya lori lililofungwa juani, karatasi yote huanza kuwa ya kijivu. Ikianikwa kwenye mwanga, maandishi hupauka. Mafuta ya nazi yakivuja, au mtu akiishika akiwa na kitakasa mikono, jina la mteja limekwenda. Mwenye mzigo anakuja na haki yake mkononi, sisi tunafungua maboksi moja moja huku akitutazama kama wezi. Mzigo usipopatikana, karani hukatwa mshahara kwa kosa la karatasi. Hili linatuumiza kuliko yote. Tunaomba makato hayo yasitishwe, na mizigo ya kukaa ichapiwe lebo kwa printa za utepe, ambazo huyeyusha wino na kuushikiza juu ya lebo. Gharama ya utepe tunaijua. Lakini leo gharama hiyo inalipwa na makarani.

2. Kichwa cha printa husuguana na karatasi moja kwa moja, na vumbi la ghala hukila. Nukta moja ikifa, mstari mweupe hupita kwenye kila lebo, na ukiangukia msimbopau, skana haisomi. Tunaagizwa tuongeze joto ili maandishi yakolee, na joto hilo ndilo linalokimaliza kichwa mapema. Tunaomba spiriti na vitambaa vya kusafishia kila roli linapobadilishwa, na kichwa kimoja cha akiba.

3. Baadhi ya karatasi hizi hutengenezwa kwa kemikali ya bisfenoli A, nasi huzishika kutwa nzima kwa mikono mitupu. Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2020, umeizuia kufikia asilimia 0.02 ya uzito wa karatasi ya joto. Tunaomba manunuzi yadai karatasi isiyo na bisfenoli ya aina yoyote, si A peke yake.

Tunaomba kuwasilisha.

Makarani na Makuli wa Ghala